Kwodi Iliyonipeleka Rumande

Mashine iliyonipeleka rumande miezi minane ililetwa gereji kwangu Jumatatu moja asubuhi, juu ya mkokoteni, na mwenye nayo akaniomba niitengeneze.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, wala sikuyasikia kwa mtu.

Naitwa Talha. Ni fundi wa pikipiki. Gereji yangu iko Magongo, nyuma ya duka la saruji.

Aliyeileta alikuwa mteja mgeni, jamaa wa bara kwa jina Oduor. Anauza maji kule Chaani. Mashine yenyewe ilikuwa kwodi kuukuu, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watu hukodi kuchezea mchangani. Oduor aliinunua ya mkono wa tatu, akaifunga kitoroli nyuma, akawa anabebea mitungi.

"Fundi, hii kitu imenimaliza," akasema. "Asubuhi inawaka poa. Ikishika moto inazima. Nikingoja nusu saa inawaka tena kama hakuna kitu. Na huku nyuma inacheza cheza."

"Umeipeleka wapi?"

"Kwa mafundi wanne. Kila mmoja anabadilisha plagi."

Nikacheka. Nikainama kuiangalia.

Ndipo kicheko kikanikauka mdomoni.

Sehemu ya kukanyagia mguu wa kulia ilikuwa kipande cha nondo, kimepindwa na kusokotwa mara mbili kama msuko wa nywele. Hakuna kiwanda duniani kinachotoa kitu kama kile. Nilikisokota mimi, kwa mikono hii, Mjambere, miaka mitano nyuma.

"Fundi, uko sawa?"

"Niko sawa. Iache."

Sikuwa sawa hata kidogo.

Miaka mitano nyuma nilikuwa nafanya kazi Mjambere kwa mtu aitwaye Idarus. Alikuwa na yadi ya kwodi saba, anazikodisha kwa watu wa harusi, watalii, na vijana wa siku ya Idi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake wa pekee.

Juma moja kabla ya Idi nilifungua nyuma ya kwodi hii nikaona ekseli imepinda. Na pale inapoingilia gurudumu la kushoto, ilikuwa imeanza ufa mwembamba kama uzi.

Nikamwita Idarus nikamwonyesha kwa kidole.

"Hii isitoke," nikamwambia. "Iweke kando mpaka tupate ekseli nyingine."

"Inshallah," akasema.

Idi pili watu walijaa. Idarus akaitoa.

Msichana wa Likoni, Nasreen, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipakiwa nyuma na binamu yake. Gurudumu la kushoto likachomoka wakiwa mbioni. Binamu aliangukia mchangani. Nasreen aliangukia mwamba. Nyonga ikavunjika.

Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa mama'ngu, nakula biriani.

Mkaguzi wa polisi alipokuja kesho yake, aliikuta ekseli nzima, imenyooka, lakini mwisho wake hauna nati. Idarus akaandikisha kwamba fundi Talha alilifungua gurudumu lile siku moja kabla, akasahau kukaza nati. Akatia sahihi.

Nikakamatwa nikiwa na kanzu ya Idi.

Dhamana ilinishinda. Nikakaa ndani miezi minane.

Niliwaambia kuhusu ufa mpaka sauti ikanikauka. Mkaguzi alikuwa ameiona ekseli kwa macho yake, nzima. Nikaanza kujishuku. Labda nilikosea. Labda kweli niliigusa ile nati.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kuniona kila Ijumaa. Munga. Huyu ni fundi wa kuchomelea, karakana yake ilikuwa jirani na yadi ya Idarus, tumejuana tangu madrasa. Alikuwa akiniletea wali na samaki, anakaa, hasemi mengi. Munga ndiye aliyeniletea habari mwezi wa sita kwamba mama'ngu, Bi Swabra, amefariki.

Sikuruhusiwa kumzika.

Munga aliniambia waliomswalia hawakujaza safu mbili. Mtaa mzima wa Mjambere ulikuwa umemwona kama mama wa muuaji, ilhali Nasreen yu hai.

Mwisho kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi. Lakini jina halikurudi. Mjambere na Kisauni nzima waliniita Talha Nati. Watoto wakiniona wanaigiza kukaza kwa vidole. Nikahamia Magongo.

Nami kila nilipoinamisha kichwa kwenye mkeka, nilimwombea Idarus mabaya. Sitawadanganya. Sikumwombea uongofu. Nilimwombea aanguke mbele ya watu na asipate wa kumwinua.

Basi sasa mnaelewa ilivyokuwa kuiona nondo ile.

Nilianza na shida ya Oduor kwanza, maana kazi ni kazi.

Tangi lilikuwa na kutu hadi kwenye bomba, nikalisafisha. Kabureta nikaifungua na kuipuliza. Ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa. Dakika kumi na tano, ikazima.

Pale pale nikachomoa plagi nikaigusisha kwenye injini na kupiga stata. Hakuna cheche. Nikangoja ipoe. Cheche ikarudi, ya buluu.

Basi si mafuta, ni umeme. Na ni kitu kinachochukia joto.

Nikaenda kwa kile kikoili kidogo kilicho pembeni ya injini, kinachoamrisha cheche itoke lini. Nikakipima kwa mita kikiwa baridi, kizima. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto nikakifunika nacho. Namba kwenye mita zikapotea.

Hicho ndicho mafundi wanne walichokosa. Nikakipata cha pikipiki iliyokufa, nikakifunga.

Kisha nikageukia kule nyuma.

Niliipandisha juu ya matofali nikazungusha magurudumu. La kushoto lilikwenda upogo. Nikaondoa mnyororo, nikafungua beringi, nikaichomoa ekseli yote nje. Ilikuwa imegandwa na grisi nyeusi, na chini ya grisi kuna rangi. Ekseli haipakwi rangi.

Nikachukua msasa.

Nilipofika pale pale nilipomwonyesha Idarus ufa, rangi ikatoka, na chini yake pakajitokeza kovu la kuchomelea. Limezunguka chuma chote.

Ekseli ilikatika. Haikuwa nati. Ilikatika mahali nilipowaambia itakatika, na mtu akaichomelea kabla ya mkaguzi kufika.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta nikacheka peke yangu. Wateja waliokuwa nje wakadhani nimepandwa na kitu.

Sikuwa na wazimu. Nilikuwa nimempata Idarus.

Nilimpa Oduor ekseli nyingine nzima, nikamwambia hii kuukuu ni yangu. Hakuuliza. Kwodi yake ilikuwa inawaka na kukaa, hicho tu ndicho alichotaka.

Jioni hiyo nikampigia simu Munga. Akaja kwa boda. Nikamwekea ekseli mikononi.

"Tazama," nikamwambia. "Wewe ndiye mjuzi wa chuma. Niambie."

Akaigeuza. Akaitazama kwa muda mrefu mno.

"Aliyechomelea hapa alikuwa na haraka," akasema.

"Utasema hivyo mbele ya watu?"

"Talha, achana naye. Miaka mitano imepita. Chuma hiki kitakurudisha ndani. Nipe nikuuzie kwa watu wa vyuma vikuukuu, usikione tena."

"Nimekuuliza, utasema?"

Akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Nitakuja," akasema.

Nilidhani ananiogopea mimi.

Jumamosi nikavuka feri kwenda Likoni na ekseli ndani ya gunia. Nilitaka kumwangusha Idarus, lakini nilitaka aangushwe mbele ya aliyeumia.

Baba'ke Nasreen anaitwa mzee Sharif. Siku ya kesi alinitemea mate miguuni. Alipofungua mlango akanitambua papo hapo.

"Shikamoo, mzee."

Akaanza kufunga mlango.

"Ni nani, baba?" Sauti ikatoka ndani.

"Si mtu."

"Ni mimi, Talha," nikasema kwa sauti. "Nimeleta chuma kilichokuvunja nyonga."

Kisha nikasikia mwendo wa Nasreen. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Akatokea na mtandio, akamsogeza baba'ke taratibu. Akaitoa ekseli kwenye gunia mwenyewe, akapitisha kidole juu ya kovu.

Nikamweleza. Sikupamba.

"Kwa hivyo miaka mitano nimekuwa nakulaani wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na Idarus alinitumia zabibu na tende hospitalini." Akaifunika ekseli. "Baba, chukua ufunguo wa gari. Twende Mjambere."

Munga, niliyempigia simu njiani, tulimkuta anatungoja karibu na yadi. Alipomwona Nasreen anashuka garini na kuuburuta mguu, aligeuza uso upande wa ukuta.

Alasiri hiyo yadi ilikuwa imejaa watu wa harusi. Kwodi nane zimepangwa, zimefungwa riboni, akina dada tayari wamepanda wanapigana picha. Idarus yuko mezani na kofia yake nyeupe.

"Talha," akasema kwa upole wa kumkaribisha mgeni. "Hujambo, ndugu yangu? Umekuja kutafuta kazi?"

Nikaitua ekseli juu ya meza yake.

"Nimekurudishia chako."

Nikawaeleza watu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miaka mitano, yakatoka yote, mpaka vigelegele vikanyamaza. Nikamwonyesha kila mtu kovu.

Idarus hakushtuka. Alinyanyua ekseli, akaitazama, akaiweka.

"Jamani," akawageukia wageni. "Huyu alifungwa kwa uzembe wake. Sasa amekata chuma akakichomelea jana, kakipaka grisi, amekuja kunivunjia heshima siku ya watu. Nani kati yenu anaweza kusema chuma hiki kinatoka wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi sikuwa nimelifikiria. Niliona macho ya watu yananitoka mimi na kumwendea yeye, mmoja mmoja. Hata mzee Sharif alinitazama upya.

Kisha mzee akamgeukia Munga.

"Wewe uliyekuja naye. Nimeambiwa wewe ni fundi wa chuma. Kazi hii ni ya jana?"

Munga alikuwa ameinamisha kichwa.

"Si ya jana, mzee. Ni ya Idi pili, mwaka ule. Baada ya swala ya alasiri."

"Umejuaje saa?"

"Nimechomelea mimi."

Simu zikaanza kuinuliwa kupiga video, moja baada ya nyingine.

"Huyu mtu ni mgonjwa," Idarus akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepanda.

"Uliniita wewe," Munga akamwambia. "Ukaniambia nije na mashine upesi, kuna kwodi ya mteja. Kipande kilikuwa bado ndani ya gurudumu. Mchanga uliokigandama ulikuwa bado umeroa. Nilipojua ni ya nini ukaniambia nikisema nitafungwa mimi, maana mkono uliochomelea ni wangu."

Sikumtazama Idarus. Siku niliyoingoja miaka yote ilikuwa inatimia upande wangu wa kulia, nami nilikuwa natazama kushoto, kwa mtu aliyeniletea wali Ijumaa thelathini na kitu.

Nasreen ndiye aliyesogea. Akatembea mbele ya kwodi zile nane, polepole, kila mtu anauona mguu wake.

"Shukeni," akawaambia akina dada.

Hakupaza sauti. Wakashuka. Wakaanza kufungua riboni. Baba wa bwana harusi akaenda mezani, akalifunga daftari la Idarus kwa kiganja chake, akaondoka na watu wake wote.

Video ilikuwa imeshaanza kuzunguka kabla hatujafika barabarani.

Idarus alianguka kama nilivyoomba. Wateja walikatika. Mzee Sharif alikwenda na wakili. Munga akaandikisha maelezo yake yote polisi. Sasa Idarus yuko mahakamani, na ile yadi imefungwa kwa kufuli la mwenye kiwanja.

Nami nilipaswa kufurahi.

Siku ya pili baada ya ile ya yadi, Munga alikuja gereji. Akasimama mlangoni, haingii.

"Nilidhani ungekaa siku mbili utoke," akasema. "Kisha zikawa wiki. Kila Ijumaa nilikuja nikiwa nimeazimia kusema. Nikikuona, siwezi."

Nilikuwa na spana namba ishirini na nne mkononi. Nilijua uzito wake. Nilijua pia kichwa cha mtu kilivyo.

Nikaiweka chini, si kwa wema. Nilikuwa nimepata kitu kibaya zaidi.

"Kuna mtaa kule Mjambere ambao haukwenda kumzika mama'ngu," nikamwambia. "Utapita mlango kwa mlango. Utabisha, utajitaja jina, utasema ulichofanya. Kila mlango."

"Kila mlango," akasema.

"Nami nitakufuata nyuma nione."

Akakubali.

Tulianza Jumatatu asubuhi. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi. Nilitaka kuonja. Nilitaka kuona uso wake kila wanapomtazama.

Mlango wa kwanza walimsikiliza, wakafunga. Wa pili mwanamke alimmwagia maji ya vyombo. Wa tatu, mzee mmoja alimwita kila jina baya, kisha akanijia mimi akanishika mkono. Munga alikuwa anakwenda mlango unaofuata akiwa amelowa, anasema maneno yale yale, "Mimi ni Munga, mimi ndiye niliyechomelea." Nami nilikuwa naonja, naam. Ilikuwa tamu. Sitawaficha.

Mlango wa tisa ulikuwa wa Bi Johari, jirani wa ukuta mmoja na mama'ngu.

"Shikamoo, Bi Johari."

"Marahaba." Alimtazama Munga kutoka juu hadi chini. Munga akaanza, "Mimi ni Munga, mimi..."

"Nakujua," akamkatiza. "Maneno hayo nimeshayasikia. Uliyasema kwenye kitanda cha Bi Swabra."

Zile hatua kumi nikazimaliza, nikasimama mlangoni.

"Yepi, Bi?" nikauliza.

Bi Johari akashangaa. "Hukuambiwa? Huyu alikuja, mama'ko yu mgonjwa, mimi nimekaa namkanda miguu. Akapiga magoti akalia, akasema yote. Mama'ko hakumtukana. Alimwambia, mwanangu, nenda kaseme. Huyu akasema, nitakwenda kesho, Bi Swabra, kesho nikiamka."

Akafuta jicho kwa upindo wa leso.

"Mama'ko alikaa siku nne anauliza, Munga amekwenda? Nami namjibu, labda kesho. Siku ya tano akafa. Ulipotolewa nikadhani huyu ndiye aliyesema. Nikanyamaza, maana mama'ko aliniapisha nisilitoe mimi. Alitaka Munga alitoe mwenyewe."

Munga alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti. Hakukataa neno.

Kwa miaka mitano niliamini mama'ngu alikufa akiwa na shaka nami. Kumbe alikufa anajua. Lilikuwa jambo la kunifurahisha, na lilinikata kuliko rumande yote.

Nilimtazama Munga pale chini, maji yanamtiririka, na ule utamu ukanitoka mdomoni. Milango ilikuwa imebaki kumi na saba.

"Inuka," nikamwambia. "Nenda nyumbani."

"Nimalize."

"Nimesema nenda."

Hatujazungumza tangu siku hiyo. Akiitwa mahakamani huenda, husema kweli yake, hurudi. Watu huniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Lakini simwombei mabaya, na kwa mtu kama mimi hiyo si kazi ndogo.

Milango ile kumi na saba ilimalizwa na Bi Johari, kwa miguu yake, bila kuambiwa na mtu. Ijumaa iliyofuata watu wa mtaa ule walikuja kumsomea mama'ngu dua. Uwanja haukutosha.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Najua miongoni mwenu mnaosoma kuna anayejua jambo ambalo likisemwa litamtoa mtu mwingine taabuni. Umelikalia. Unasubiri nafasi nzuri, unasubiri hofu ipungue. Haitapungua, itazoeleka tu. Na kuna mtu mahali fulani, kalala kitandani, anauliza kila asubuhi kama umekwenda.

Nenda.